Kufuli la Bwenini: Zaidi ya Miaka Thelathini ya Mikasa Katika Shule za Kenya

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilichapisha mwongozo wa usalama shuleni wenye masharti ambayo fundi wa kijijini anaweza kuyatimiza. Mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 na ufunguke kwa nje. Kila ncha ya bweni iwe na mlango, na katikati pawe na mwingine wa dharura. Madirisha yasiwekwe vyuma. Kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Asiyejua historia atadhani hizo ni kanuni za ujenzi tu, kumbe watoto walikwisha kufa kwa kukosa hayo hayo. Tangu hapo watoto wengine wamekufa, ndiyo maana ni vigumu kukubali kwamba tatizo letu ni ukosefu wa maarifa. Tatizo ni kwamba hatujaamua bweni ni la kumlinda mwanafunzi au la kumfungia.

Mfululizo huu una mizizi mirefu. Usiku wa Julai 13, 1991, wavulana waliogoma katika shule ya mseto ya St Kizito, Meru, walivamia bweni ambamo wasichana walikuwa wamejificha. Wasichana 19 walikufa na wengine 71 wakabakwa. Machi 1998 moto uliua wasichana 26 katika shule ya Bombolulu, pwani, nao walikuta mlango umefungwa na madirisha yana vyuma. Mwaka uliofuata, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walimwagiwa petroli na kuchomwa wakiwa wamelala. Kisha ikaja Machi 2001, wavulana 67 walipoteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos. Petroli iliwashwa usiku, mlango mmoja ulikuwa na kufuli, na vyuma vya madirisha havikuwaachia pa kupenya. Wengi wao walizikwa katika kaburi la pamoja kwenye ardhi ya shule yao. Kati ya Bombolulu na Kyanguli ilipita miaka mitatu tu, na kufuli lilikuwa lile lile.

Wapo wanaosema kwamba kuzungumzia milango ni kukwepa kiini, kwa kuwa wanaowasha moto ni wanafunzi wenyewe, na dawa ni nidhamu. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mwaka 2016 pekee shule zaidi ya 100 zilichomwa, na baada ya wasichana 10 kufa katika shule ya Moi Girls jijini Nairobi mwaka 2017, mahakama ilimpata mwanafunzi mmoja na hatia ya kuua bila kukusudia. Lakini tuitazame hesabu yenyewe: mwenye kiberiti ni mmoja au wawili, na wanaokufa ni makumi ya waliokuwa usingizini. Nidhamu, hata ikifaulu kwa wanafunzi 999, haimwokoi yeyote endapo wa elfu ameshindikana. Kwa upande mwingine, mlango ulio wazi huwaokoa wengi bila kuuliza moto ulianzaje. Isitoshe, wanafunzi hupanga mgomo kwa siku kadhaa kabla ya kuuanza, na mara nyingi minong'ono huwafikia wenzao mapema. Mtoto anayejua kwamba akimwendea mwalimu atasikilizwa, na jina lake halitatajwa, ana thamani zaidi kuliko doria ya usiku.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: tukiondoa vyuma na kufuli, tutawazuiaje wanaotoka nje kuja kuua? Aprili 2, 2015, magaidi wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Hata hivyo, Garissa haitetei kufuli la bwenini. Tahadhari za shambulio zilikuwa zimetolewa siku chache kabla, na kikosi maalumu cha polisi kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi. Kilichokosekana ni ulinzi wa kutosha langoni, kamsa inayosikika kote na njia za kukimbilia zinazojulikana na kila mtu. Adui huzuiwa kwenye ua wa shule. Akishafika kitandani, mlango uliofungwa unamsaidia yeye. Chuo hicho kilifunguliwa tena Januari 2016, kikiwa na polisi ndani ya eneo lake. Huo ni ustahimilivu unaostahili heshima, lakini haifai kulinda mahali baada ya msiba tu.

Pesa nazo husingiziwa. Ni kweli kwamba kujenga mabweni mapya ni gharama, na wanafunzi wameongezeka kuliko vitanda. Lakini kukata vyuma vya dirisha, kuacha funguo mahali pake na kuwafanyisha watoto zoezi la kutoka gizani mara moja kila muhula hakuhitaji bajeti ya serikali. Kunahitaji mkaguzi anayefika bila kutangaza, na mwalimu mkuu anayejua atawajibishwa. Septemba 2024, miaka 16 baada ya mwongozo kuchapishwa, wavulana 21 walikufa katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, lililokuwa na watoto zaidi ya 150. Baada ya hapo ndipo wizara ilipofunga mabweni katika mamia ya shule ambazo hazikutimiza masharti.

Kwa hiyo mzazi asingoje tume nyingine. Siku ya kumpeleka mtoto shule, kabla ya kulipa karo, aombe kuonyeshwa bweni: mlango unafunguka upande gani, ufunguo wa usiku uko kwa nani, na dirisha lina vyuma au halina. Shule isiyoweza kujibu maswali hayo matatu haistahili kulaza watoto.