Daftari la Mlangoni

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: hata roho za watu.

Januari 23, 1958, soko la nyama la Smithfield, London, lilishika moto. Askari wawili wa zimamoto, waliovaa mitungi ya oksijeni, walipotea katika moshi wa maghala ya chini ya ardhi, wakafa.

Baada ya msiba huo Uingereza ilikaza utaratibu. Kila anayeingia huacha mlangoni kibao chenye jina lake, kiasi cha hewa yake na saa aliyoingia. Mwenzake hupiga hesabu ya saa ya kutoka. Ikipita, waokoaji hutumwa.

Mwenzake huyo hashiki bomba, lakini tusimwite mvivu. Ndiye anayejua nani bado yumo ndani.