Lugha ya Darasani na Watoto wa Wakimbizi wa Kirundi Nchini Tanzania, 1972 hadi 2014

Maandishi mengi juu ya wakimbizi wa Kirundi waliokimbilia Tanzania hueleza mashamba waliyopewa, mavuno yao na miaka waliyokaa. Mimi nataka kuangalia jambo dogo zaidi: mwalimu alipoingia darasani, alifundisha kwa lugha gani? Naona kwamba katika jambo hilo serikali hudhihirisha, hata kama haitamki, inamtarajia mtoto wa mgeni aje kuishi wapi akiwa mtu mzima.

Mwaka 1972, wakati wa utawala wa Rais Michel Micombero, Burundi ilipata mauaji ambayo sisi tunayaita Ikiza. Watu zaidi ya 100,000 waliuawa, wengi wao Wahutu, na walioandamwa kwanza ni waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Kwa miaka mingi baadaye wapo wazazi waliosita kupeleka watoto shuleni, kwa kuwa daftari lilikuwa limeshageuka kuwa sababu ya kufa. Hali hiyo tusiisahau tunaposoma habari za waliovuka mpaka.

Serikali ya Tanzania iliwapa waliovuka makazi katika misitu ya magharibi: Ulyankulu, Tabora, mwaka 1972, Katumba, karibu na Mpanda, mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Familia zilipewa ardhi, zikafyeka pori na kulima. Shule zilizojengwa huko zilifuata mtaala wa Tanzania, na tangu mwaka 1967 lugha ya kufundishia katika shule za msingi za nchi hiyo ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1973 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na mwaka uliofuata Azimio la Musoma likataka kila mtoto wa umri wa shule aandikishwe. Kwa hiyo mtoto wa Kirundi aliyezaliwa Katumba hakuandaliwa mpango wa peke yake. Alibebwa na wimbi lilelile lililowabeba watoto wa Wapimbwe, Wakonongo na Waha. Kwa maoni yangu huo ndio msaada mkubwa kuliko wote waliopata, ingawa hauonekani katika taarifa za wafadhili, maana haukuwa na jina la mradi.

Lakini shule ilisema jambo moja na lango la makazi likasema jingine. Mkimbizi aliyetaka kutoka alihitaji kibali, na mtoto aliyezaliwa pale na kuimba wimbo wa taifa wa Tanzania kila asubuhi alibaki mkimbizi kama babu yake. Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na mjini Kigoma katikati ya miaka ya 1980, alikuta watu wa Mishamo wameshika sana historia yao ya uhamishoni, na wale wa mjini wamejichanganya na wenyeji. Marc Sommers naye alieleza maisha ya vijana waliotoroka makazi wakaenda Dar es Salaam kushona nguo, wakiificha asili yao. Kiswahili cha shuleni ndicho kilichowawezesha kujificha. Sijui kama wapangaji wa elimu waliwahi kufikiria matumizi hayo!

Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, mamia ya maelfu ya wakimbizi wapya waliingia Kigoma na Kagera, na Tanzania ya wakati huo haikuwa tena ile iliyowapokea watu wa 1972. Sasa yalikuwa makambi. Kufuatana na Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Sera ya mwaka 2003 ilitaka watoto wafundishwe kwa mtaala wa nchi walikotoka. Mtoto wa kambi ya Mtabila alisoma Kirundi na Kifaransa, na nje ya uzio watu walizungumza Kiha na Kiswahili. Alikuwa anaandaliwa kuondoka.

Ni sera ipi iliyomfaa mtoto? Wapo wanaojibu haraka kwamba ya makambi ilikuwa bora, kwa sababu Mtabila ilipofungwa Desemba 2012 watoto wake walirudi Burundi na kuendelea na masomo, lakini watoto wa makazi ya 1972 walipata taabu. Hoja hii ina ukweli, na nyumbani kwetu tuliuona. Kati ya 2008 na 2009 watu zaidi ya 50,000 wa makazi yale walichagua kurudi, na familia yangu ilikuwa miongoni mwao. Mimi nilikuwa na miaka 6. Nilianza darasa la kwanza huku kusini mwa Burundi, na kwa kuwa miaka ya kwanza hufundishwa kwa Kirundi, lugha ya mama yangu, sikupotea. Dada yangu alikuwa ametoka darasa la sita Katumba. Shule iliyompokea ilimrudisha mwaka wa tatu, akakaa benchi moja na watoto wa miaka 9, kwa sababu kuanzia mwaka wa tano masomo yalikuwa kwa Kifaransa na yeye hakujua hata kusalimia kwa lugha hiyo. Hesabu aliijua kuliko wote. Mwalimu alipomwita mbele alifanya swali la sehemu vizuri, kisha akashindwa kulieleza. Baada ya miaka miwili aliacha.

Yalikuwepo mafunzo ya muda mfupi ya Kirundi na Kifaransa kwa ajili ya abahungutse, yaani waliorudi kutoka ukimbizini. Yalisaidia wadogo. Kwa kijana wa miaka 13 au 14 miezi michache haikutosha, na madarasa yalikuwa yamefurika tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2005. Jambo linalonishangaza zaidi ni hili: katika miaka hiyohiyo, Burundi ikijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, Kiswahili kilikuwa kimeingizwa katika shule za msingi na walimu wake walikuwa haba. Vijana waliokisoma, kukiandika na kufanyia mitihani walikuwa wamekaa nyuma ya darasa wakihesabiwa wajinga. Leo dada yangu anauza vitenge Nyanza-Lac, na katika soko lile la ziwani Kiswahili ndicho kinachomlisha.

Kwa sababu hiyo siwezi kusema kwamba Katumba ilikosea kumfundisha Kiswahili. Waliokubali kubaki walikuwa wengi mno kuliko waliorudi. Watu wapatao 162,000 walikubaliwa uraia mwaka 2010, wakangoja vyeti vyao hadi Oktoba 2014, baada ya serikali kuacha mpango wa kuwatawanya katika mikoa mingine. Kwa watoto wao shule ilikuwa imebashiri sawa miaka 40 kabla ya sheria. Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa upande wetu wa mpaka, ambako lugha aliyokuja nayo mtoto ilichukuliwa kuwa pengo la kuzibwa.

Miezi michache tu baada ya vyeti vile kutolewa, Aprili 2015, Warundi walianza tena kukimbia na kujaa Nyarugusu. Baadhi yao walikuwa wamewahi kuishi makambini Tanzania wakiwa watoto. Wanao waliandikishwa katika shule za kambi na kufundishwa kwa mtaala wa Burundi. Katika mkoa jirani wa Katavi, wajukuu wa wakimbizi wa 1972 walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa darasa la saba, kwa Kiswahili, wakiwa raia.