Urujuani wa Usambara na Vipimo vya Hewa ya Ndani

Kupima joto na unyevu kwa ajili ya mimea ya ndani kulianzia katika nyumba za vioo za Ulaya, ambako mimea ya nchi za joto ilipaswa kuvushwa majira ya baridi. Katika karne ya 17 michungwa na mihadasi ya wenye mali iliingizwa ndani kabla baridi haijaanza, ikapashwa moto kwa jiko. Aliyeitunza hakuwa na kipimo zaidi ya ngozi yake mwenyewe. Moto ukififia usiku wa manane, asubuhi majani yalikutwa meusi. Ukizidi, machipukizi yalirefuka na kupauka.

Kipimajoto ndicho kilichobadili kazi hiyo. Mapema katika karne ya 18 mafundi wa London waliuza vipimajoto vya bustani vyenye jambo la pekee: pembeni mwa neli hapakuandikwa namba tu, bali pia majina ya mimea. Stephen Hales, kasisi wa Kiingereza aliyechunguza jinsi mimea inavyonyonya na kutoa maji, alieleza mpangilio wa aina hiyo katika kitabu chake *Vegetable Staticks* cha mwaka 1727. Mhadasi ulikaa chini, mchungwa juu yake, kisha mshubiri, na karibu na kilele nanasi, tunda lililokuwa fahari ya nyumba za vioo. Mtunza bustani aliangalia kimiminika kimefika jina gani, akajua kama aongeze moto au afungue dirisha. Kwa hilo vipimajoto hivyo vilikuwa na busara kuliko vingi vya leo, kwa kuwa vilikiri kwamba hakuna joto moja linaloifaa mimea yote.

Unyevu ulichelewa kupimika. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alieleza kipimaunyevu kilichotumia unywele wa binadamu ulioondolewa mafuta. Unywele hurefuka hewa ikiwa na mvuke mwingi na kufupika ikikauka, na badiliko hilo dogo lilivuta mshale juu ya bamba lenye alama. Hata hivyo kwa muda mrefu chombo hicho kilibaki zaidi kwa wachunguzi wa hali ya hewa, huku wenye mimea wakiendelea kuamini kwamba chumba kikiwa na joto la kutosha, mengine yatajiendea.

Kosa lilikuwa hapo. Hewa ya nyuzijoto 0 iliyoshiba mvuke hubeba kiasi cha gramu 5 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipashwa moto hadi nyuzijoto 20 huwa na uwezo wa kubeba gramu 17, lakini maji iliyo nayo ni yale yale. Unyevu wake unashuka chini ya asilimia 30. Jiko lililowashwa ili kuuokoa mmea na baridi ndilo lililounyonya maji kupitia majani.

Jawabu la kwanza lilipatikana bila kutafutwa. Nathaniel Bagshaw Ward, daktari wa London, mwaka 1829 aliweka pupa wa nondo katika udongo mbichi ndani ya chupa iliyofunikwa, akisubiri atoke. Badala yake aliona kangaga na nyasi vikichipua, ilhali kangaga alizopanda nje zilikuwa zimekufa kwa moshi wa mji. Mvuke ulipanda, ukawa matone kwenye kioo, ukarudi udongoni. Ward alitengeneza masanduku ya kioo, na mwaka 1833 akayapeleka Sydney kwa meli.

Safari ya kurudi ndiyo iliyothibitisha thamani yake. Mimea ya Australia ilipakiwa Februari 1834 katika joto la nyuzijoto 32 hadi 38. Kwenye Rasi ya Horn theluji ilifunika sitaha na kipimajoto kikashuka hadi 7 chini ya sifuri. Karibu na ikweta kikapanda hadi 49. Novemba meli ilipofika Uingereza, mimea ilikuwa hai, bila kumwagiwa maji njiani. Joto lilikuwa limeyumba vibaya, ila unyevu ulibaki ndani ya kioo.

Karne hiyo ilipokaribia kwisha, Usambara ilitoa mmea uliowalazimisha watu kuzingatia vipimo vyote viwili. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, alimpelekea baba yake huko Ujerumani ua dogo la zambarau. Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, mwaka 1893 aliliita *Saintpaulia ionantha*, na mwaka huo huo likaoneshwa Ghent. Jina la kitaalamu lilimtukuza ofisa, lakini Wajerumani wa kawaida walilitendea haki zaidi: wanaliita *Usambaraveilchen*, urujuani wa Usambara.

Huko Usambara ua hili huota kwenye miamba yenye kivuli na majani yaliyooza, chini ya miti mikubwa. Amani, iliyo huko huko Usambara kwenye kimo cha mita 900 hivi, ina wastani wa joto la karibu nyuzijoto 20, na ukungu hupita mara kwa mara. Hali hiyo ndiyo iliyopaswa kuigwa sebuleni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles ilichagua aina kumi kutokana na mbegu za Ulaya, na mwaka 1946 wapenzi wa ua hili Marekani walianzisha chama chao. Walijifunza kuweka vyungu juu ya trei za kokoto zenye maji, na kumwagilia maji ya uvuguvugu, kwa sababu maji baridi yakigusa jani lenye joto huacha madoa yasiyofutika.

Vipimaunyevu vya nywele vilipata mshindani mwaka 1973, Vaisala ya Finland ilipotoa kihisi chenye utando mwembamba ambao tabia yake ya umeme hubadilika unapofyonza mvuke. Vihisi vya jamii hiyo sasa vimo katika vifaa vidogo vya mezani vinavyoonesha joto na unyevu pamoja. Kwa urujuani wa Usambara, namba zinazotafutwa ni nyuzijoto 18 hadi 24 na unyevu wa asilimia 50 au zaidi.

Dar es Salaam na Mombasa shida hugeuka. Unyevu upo tele, lakini joto linapovuka nyuzijoto 27 maua hupungua, na hewa iliyotuama huleta ukungu kwenye majani. Kiyoyozi hupunguza joto, ila hukamua mvuke kutoka hewani, ndiyo maana chungu huwekwa mbali na upepo wake na kipimo husomwa pale pale penye majani.