Kiongozi Mwenye Bunduki

Haya basi, wapenzi wa michezo ya dadu, leo historia kidogo. Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974. Toleo la nne, mwaka 2008, liliwagawia wahusika majukumu manne, mojawapo likiwa kiongozi. Warlord wa toleo hilo aliweza kumwachia mwenzake zamu ya kupiga, bila uchawi wowote. Mwaka 2011 Pathfinder ikaleta Gunslinger, lakini kazi ya huyo ni kupiga, si kuongoza.

Mimi natunga anayefanya yote mawili. Ugumu uko hapa: bunduki ikiwa kali mno, nani atahangaika kutoa amri? Atafyatua tu!

Jibu liko Uholanzi. Mwaka 1594 William Louis wa Nassau alimwandikia binamu yake Maurice mpango huu: safu ya mbele ifyatue, irudi nyuma kushindilia, inayofuata ishike zamu. Bunduki zilikuwa za polepole. Nguvu ilikuwa kwenye mpangilio.

Basi kanuni yangu ni hii: risasi moja, kisha raundi nzima ya kushindilia. Katika raundi hiyo kiongozi anaamuru, mwenzake anapiga. Wanaprogramu mtaitambua: kazi moja ikisubiri, nyingine inatumia prosesa.