Nyumba Njema si Mlango

Kila mwaka, siku za masomo zinapokaribia, katika nyumba nyingi za Panda, pale Likasi, husikika mashauri ya namna moja. Mtoto amemaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu huko Lubumbashi. Alipoanza hakuulizwa neno: alipelekwa kwa mjomba wake au kwa shangazi yake, akalala pale alipoonyeshwa. Sasa anaingia mwaka wa pili, naye asema, "Baba, safari hii nataka kuchagua mwenyewe mahali pa kukaa." Baba anyamaza kwanza. Mama auliza ni nani atakayempikia bukari.

Njia ziko nne. Aweza kubaki kwa ndugu. Aweza kuomba nafasi katika majumba ya wanafunzi, ambayo watu wa Lubumbashi huyaita "home". Aweza kupanga chumba mjini pamoja na wenzake. Au aweza kurudi kulala kwa baba yake na kusoma hapa hapa, kwa maana Likasi nayo sasa ina chuo kikuu chake. Lakini kukaa Panda na kusoma Lubumbashi haiwezekani, kwa kuwa njia ni kama kilomita 120, wala hakuna awezaye kwenda na kurudi kila siku.

Labda msomaji atasema: hilo ni jambo dogo la wazazi na watoto wao. Sisi twaona si dogo. Panda ni mahali ambapo kwa muda mrefu mtu hakuchagua nyumba yake. Nyumba ndiyo iliyomchagua mtu. Basi, kabla ya kumjibu kijana, yafaa tukumbuke mambo yaliyopita.

NYUMBA YA KAMPUNI

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Shaba yake ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi, mji ulioitwa wakati ule Elisabethville, mwaka 1911. Baadaye kampuni ikapanda kaskazini, ikajenga viwanda karibu na Likasi. Panda paliwekwa mitambo ya kuchambua na kuyeyusha mawe ya shaba. Shituru kiwanda cha kusafisha shaba kwa nguvu ya umeme kikaanza kazi mwaka 1929, na mwaka uliofuata umeme ukaletwa kutoka maporomoko ya Mwadingusha katika mto Lufira. Mji wenyewe ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakuu wa kampuni. Jina la Likasi lilirudishwa mwaka 1966.

Miaka ya kwanza kampuni ilitafuta wanaume tu. Walitoka mbali: Kasai, Lomami, Rodesia ya Kaskazini, hata Ruanda na Urundi. Waliandikwa kazi kwa miezi michache, bila wake zao, wakalazwa wengi pamoja katika vibanda vibaya. Magonjwa ya mapafu na ya kuhara yakawapata, na wengi wakafa. Wengine walitoroka usiku. Na yule aliyebaki, alipokuwa ameanza kuijua kazi, mkataba wake ulikwisha, akarudi kwao, na kampuni ikaanza tena na mtu mpya asiyejua kitu.

Ndipo, tangu mwaka 1928 hivi, kampuni ikageuza mwendo. Mfanyakazi akapewa mkataba wa miaka mitatu. Akaruhusiwa, tena akasihiwa, aje pamoja na mke wake. Akapewa nyumba ya jamaa, posho ya unga, na hospitali. Watoto wakajengewa shule, na shule hizo zikatiwa mikononi mwa wamisionari Wabenedikto. Je, kampuni ilifanya hivyo kwa huruma? Huenda huruma ilikuwapo kwa baadhi ya watu wake, lakini hesabu ilitangulia. Mtu mwenye mke na nyumba hatoroki. Na mtoto aliyezaliwa kambini hukua akisikia king'ora cha kiwanda kila asubuhi, naye atakuwa mfanyakazi bila kutafutwa mbali.

Hivyo nyumba ilikuwa njema, lakini ilikuwa na mwenyewe. Mkuu wa kambi alijua ni nani alalaye ndani. Ndugu akija kutoka kijijini, hakukaa bila ruhusa. Na kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Jambo hilo lilionekana wazi miaka ya 1931 na 1932, bei ya shaba ilipoanguka duniani kote. Wengi mno walifukuzwa kazini, na pamoja na kazi walipoteza paa la vichwa vyao, wakarudi vijijini walikokuwa wameanza kusahauliwa. Tena Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakitaka mshahara uongezwe, kwa kuwa vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu. Jadotville na Elisabethville askari walipiga risasi, watu wakafa. Waliogoma walijua vema kwamba hawaweki hatarini mshahara tu, bali na kitanda cha watoto wao.

Hata hivyo tusiseme uwongo. Wazee wa Panda wakisimulia kambi ya zamani hawasimulii ubaya tu. Husifu njia zilizofagiliwa, hospitali yenye dawa, na unga uliofika siku yake. Na katika vyumba vile vidogo walikua wavulana na wasichana ambao baadaye walivuka sekondari na kufika chuo kikuu. Wema ulikuwapo. Lakini ulikuwa wema wenye kamba, na ncha ya kamba ilikuwa mkononi mwa mwingine.

NYUMBA YA SERIKALI

Chuo kikuu cha kwanza katika Kongo, Lovanium, kilifungua milango karibu na Léopoldville mwaka 1954. Cha Elisabethville kikafuata mwaka 1956. Wakongo waliosoma humo walikuwa wachache sana: siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, waliokuwa na shahada ya chuo kikuu katika nchi nzima hawakufika hata 30. Wakati ule shauri la mahali pa kulala halikuwa gumu. Wanafunzi walikuwa wachache, na kitanda kilikuwapo.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, ikagawanya masomo kati ya miji hiyo mitatu. Lubumbashi ikapewa, pamoja na masomo mengine, elimu ya lugha, ya historia na ya jamii. Basi kijana wa Bandundu au wa Kivu aliyetaka masomo hayo hakuwa na budi kufunga safari mpaka Katanga, mahali asipokuwa na mjomba wala shangazi. Majumba ya wanafunzi yakajaa. Serikali ikawapa kitanda, chakula, na basari. Mwaka 1981 vyuo vilitenganishwa tena, lakini desturi hiyo ilibaki.

Msomaji wa Panda ataitambua mara moja. Nyumba, chakula na fedha vyatoka katika mkono mmoja: kumbe mwanafunzi alikuwa akiishi vile vile kama babu yake alivyoishi kambini! Na yaliyompata babu yakampata mjukuu. Miaka ya 1990 hazina ya serikali ilipokauka, basari ilikoma, na chakula cha chuo kikakoma. Majengo yakabaki, lakini chumba cha watu wawili kikalaza wengi zaidi, na kila mmoja akapika juu ya jiko lake la makala.

Liko jambo jingine zito zaidi, wala hatuwezi kulipita kimya. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 watu wenye silaha waliingia katika majumba ya wanafunzi ya Lubumbashi, umeme ukiwa umekatwa, wakawashambulia vijana katika vyumba vyao. Serikali ya wakati ule ilikiri kifo kimoja tu. Wengine walitaja makumi, na wengine mamia. Hesabu hiyo haijakubaliwa na wote mpaka leo. Usiku ule aliyeweza kukimbia alihitaji kitu kimoja: mlango wa kugonga mjini, na mtu wa kuufungua.

NYUMBA ILIYOBAKI

Na Panda je? Mwaka 1967 mali ya Union Minière katika Kongo ilikwisha kuwa ya serikali, na kampuni iliyorithi ikaja kujulikana kwa jina la Gécamines. Desturi za kambi zilidumu. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani kama 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto, upande wa Kolwezi, uliporomoka, na mwaka 1994 shaba ilikuwa imeshuka mpaka tani kama 30,000.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1992, maneno ya siasa yaliwageuza majirani kuwa maadui. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao hapa Likasi, hata wale ambao baba zao walizaliwa Katanga. Maelfu walilala miezi mingi katika kituo cha treni na katika shule, wakingoja magari ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuijua. Njaa na magonjwa viliua wengi, watoto hasa. Hapo tulijifunza kwa uchungu kwamba nyumba si kuta. Nyumba ni jirani.

Mwaka 2003 Gécamines, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwapa wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 fedha za mkono mmoja waiache kazi. Nyumba nyingi za kambi nazo zilikwisha kuuzwa kwa waliokaa ndani yake. Hivyo mzee wa Panda leo ana mlango wake mwenyewe, jambo ambalo baba yake hakulipata. Lakini mshahara hana. Wako wanaopangisha chumba ili wapate karo ya mtoto. Na huyo mtoto, naye, yuko Lubumbashi akitafuta chumba cha kupanga.

TUMJIBU NINI KIJANA?

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Historia yetu yatufundisha kuuliza maswali matatu kabla ya kuingia.

La kwanza: ufunguo uko kwa nani? Anayekaa kwa ndugu asisahau kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka wa kwanza alikuwa mgeni. Mwaka wa pili na ashike jembe: achote maji, awafundishe watoto wa nyumba hesabu zao, aseme mapema siku za mitihani ili asitumwe sokoni. Ndugu wengi hawachoshwi na chakula cha mwanafunzi. Huchoshwa na mwanafunzi aketiye kama mgeni.

La pili: mkono unaonipa ukikauka, nitalala wapi? Hili ni la anayepanga chumba. Wenzake watatu wanaochanga kodi ni wema sana, mpaka mmoja aache masomo. Basi wahesabu tangu mwanzo kama wawili waweza kulipa. Waandike mapatano na mwenye nyumba, wapokee risiti. Tena wajue kwamba sheria ya nchi ya mwisho wa mwaka 2015 yakataza kudai dhamana inayozidi kodi ya miezi mitatu. Wengi hutoa zaidi kwa kutojua tu.

La tatu: nikiita usiku, nani atasikia? Hili ni la anayekwenda katika majumba ya chuo. Huko yuko karibu na darasa na vitabu, na rafiki wa kusoma naye hakosekani. Hiyo ni faida kubwa, wala hatumkatazi. Lakini asikate miguu kwa mjomba. Na aende Jumapili, aseme hodi, ajulikane na majirani wa pale, ili siku ya ugonjwa au ya hatari awe na mlango mmoja mjini usiomwuliza wewe nani.

Kwa yule anayerudi Panda twasema neno moja tu: asione haya. Atalala mahali ambapo ufunguo ni wa baba yake, na jambo hilo lilichukua zaidi ya miaka 60 kupatikana. Lakini wazazi nao wamwachie saa za kusoma, wasimwone kama mtoto aliyeshindwa safari.

Nanyi baba na mama, msikasirike kwa kuwa mtoto ataka kuchagua. Babu yake alionyeshwa nyumba kwa kidole, yenye namba mlangoni, akaambiwa, "Yako ni hii." Hakupata nafasi ya kuuliza hata swali moja kati ya haya matatu. Mjukuu ameipata. Kaeni naye jioni moja, mfanye hesabu ya unga, ya makala na ya kodi pamoja naye, kisha mwacheni ajibu mwenyewe.