Kusoma matangazo ya Kiingereza kazini na chuoni: maneno madogo, mitego ya Kifaransa na mazoezi ya nyumbani

Huku Butembo na Beni, mtu anaweza kuwa na diploma ya serikali, Kifaransa chake kikiwa safi, na bado akapoteza kazi juu ya mstari mmoja wa Kiingereza. Tangazo linasema: "Candidates must attend the interview on Monday." Mwenye kusoma mbio anaona neno "attend", anakumbuka "attendre" ya Kifaransa, na anaelewa kwamba Jumatatu wagombea wangoje. Anabaki nyumbani akingoja simu. Kumbe "attend" ni kuhudhuria. Siku ile alipashwa kuwa pale, mbele ya meza, pamoja na wenzake.

Kosa la namna hii linawapata hata wenye kusoma sana. Linatoka kwa sababu tunasoma Kiingereza kwa macho ya Kifaransa, na kwa sababu tunatafuta maneno makubwa huku maneno madogo njo yanaamua. Makala hii inaonyesha namna ya kusoma tangazo fupi la kazi, la depo, la hospitali ao la chuo, na inatoa mazoezi mawili pamoja na majibu.

Kiingereza kimetufikia kwa njia gani

Kwa kijana wa Luofu, kusini mwa teritware ya Lubero, Kiingereza ni lugha ya nne. Kinande ni cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na njiani, Kifaransa cha shule na cha ofisi. Kiingereza anakikuta kwenye sekondari, saa chache kwa juma, halafu anakutana nacho tena kwenye Mtihani wa Serikali, siku ya lugha.

Kiisha shule, kinarudi kupitia milango mingine. Wafanyabiashara wa Butembo wanapitisha bidhaa Mombasa, Kampala na Kasindi, na karatasi nyingi za njia hiyo ni za Kiingereza. Wakati wa Ebola, tangu 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, mashirika mengi yalikuja Beni na Butembo na kuleta matangazo ya kazi ya lugha mbili, mengine ya Kiingereza peke yake. Congo ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 29 Machi 2022, na ikatia sahihi mkataba 8 Aprili 2022. Pale Beni, Université Chrétienne Bilingue du Congo, UCBC, inafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza tangu 2007.

Tena kuna vita. Tangu mapigano yalipofika Kanyabayonga na Kirumba mwisho wa Juni 2024, watu wengi wa kusini mwa Lubero wamekimbia. Kati yao kuna walimu, wauguzi na madereva wenye kutafuta kazi upya. Wengine wamevuka Uganda. Kule Kasese unaweza kuongea Kinande na Mukonjo mkasikilizana vizuri, lakini karatasi kwenye mlango wa ofisi imeandikwa Kiingereza.

Maswali manne mbele ya kutafsiri

Usianze kutafsiri neno kwa neno. Chukua kalamu na utafute majibu ya maswali manne:

1. Tangazo linaambia nani? Wafanyakazi wote, madereva peke yao, wanafunzi wapya, wageni?
2. Wanapashwa kufanya nini, ao wanakatazwa nini?
3. Mpaka lini, na saa ngapi?
4. Nani haguswi? Karibu kila tangazo lina watu ao hali fulani iliyoachwa pembeni.

Ukipata majibu hayo manne, umeelewa tangazo, hata kama maneno matano bado huyajui. Ukikosa swali la nne, unaweza kuelewa yote vibaya.

Maneno madogo yenye kubeba uzito

"Must" ni lazima. "Should" ni shauri, inafaa ufanye. "May" ni ruhusa: unaweza. Lakini "may not" kwenye tangazo ni katazo. "Visitors may not use this door" maana yake wageni wamekatazwa mlango huu. Usisome "labda hawatautumia".

"Unless" ni isipokuwa kama. "Do not enter unless you are called": usiingie mpaka uitwe. Neno hili linageuza sentensi nzima, na watu wengi wanaliruka.

"By" na "until" zinachanganya sana. "Return the form by Friday": rudisha karatasi kabla Ijumaa haijaisha. Ukileta Jumanne, ni vizuri zaidi. "The office is closed until Friday": ofisi inabaki imefungwa, inafunguliwa Ijumaa. "No later than Friday" ni sawa na "by Friday": isipite Ijumaa.

"At least two years" ni miaka miwili ao zaidi. "Up to two years" ni miaka miwili kwa juu kabisa.

Kwenye tangazo la kazi, tofautisha "required" na "an asset". "Fluency in French is required": bila Kifaransa, usipoteze nguvu. "Knowledge of English is an asset": Kiingereza kitakuongezea nafasi, lakini hakikufungii mlango. "Preferred" na "desirable" ni ndugu za "asset". Vijana wengi wanaacha kutuma dosie juu waliona neno "English" wakafikiri wamekataliwa, kumbe tangazo lilikuwa bado linawataka.

Mstari wa mwisho mara nyingi ni huu: "Only shortlisted candidates will be contacted." Maana yake, wale tu waliochaguliwa kwa hatua ya pili wataitwa. Majuma yakipita bila simu, endelea kutafuta fasi ingine.

Mitego ya Kifaransa

Kifaransa kinatusaidia sana: "document", "important", "certificate", "signature" tunayaelewa bila shida. Lakini kuna maneno yenye sura moja na maana mbalimbali. Haya njo yanaleta hasara:

"Delay" ni kuchelewa. "Délai" ya Kifaransa ni muda uliopewa. Ukisoma "There will be a delay of two weeks", usifikiri wamekuongezea majuma mawili ya kuleta karatasi. Wanasema jambo lenyewe litachelewa majuma mawili.

"Location" ni fasi kitu kiko. Kwa Kifaransa ni kupangisha nyumba ao gari. "Location: Beni" inaonyesha tu kazi iko wapi.

"Library" ni maktaba, fasi ya kuazima vitabu. "Librairie" ni duka la vitabu.

"Lecture" ni somo la mwalimu mbele ya wanafunzi. "No lecture on Friday" maana yake Ijumaa hakuna kozi. Kusoma kitabu hakujakatazwa.

"Assist" ni kusaidia. Kwa Kifaransa, "assister à" ni kuhudhuria. Yaani Kiingereza kinatumia "attend" fasi sisi tungesema "assister". Shika mawili hayo pamoja.

"Eventually" ni hatimaye, jambo litafika. "Éventuellement" ni labda.

"College" kule Uganda na Kenya mara nyingi ni chuo cha kiisha sekondari. Kwetu "collège" inaweza kuwa shule ya sekondari yenyewe. Angalia vizuri mbele ya kuandika kwenye fomu umemaliza wapi.

Saa na tarehe

Beni na Butembo ziko saa moja nyuma ya Uganda na Kenya. Tangazo likisema "5 pm EAT", ni saa ya Afrika Mashariki: kule ni 17:00, kwetu ni 16:00. Mwenye kutuma dosie yake saa 16:30 ya Butembo amechelewa nusu saa.

"Am" ni tangu katikati ya usiku mpaka mchana, "pm" ni tangu mchana mpaka katikati ya usiku. "12 pm" ni saa sita ya mchana, "12 am" ni saa sita ya usiku.

Tarehe 04/07 inasomwa na Mwingereza kama 4 Julai, na Mmarekani kama 7 Aprili. Kama shirika ni la Marekani na mwezi haukuandikwa kwa herufi, uliza. "Close of business" ni mwisho wa saa za kazi siku ile, usingoje usiku.

Alama na maandishi mafupi ya kazini

Kwenye depo, karaji ao maabara, rangi inasaidia mbele ya maneno. Duara jekundu lenye mstari wa kukata ni katazo. Duara la buluu ni lazima, kwa mfano kuvaa kofia ya kazi ao glavu. Pembetatu ya manjano ni onyo la hatari. Kijani kinaonyesha usalama, kama vile mlango wa kukimbilia ao sanduku la dawa.

"Out of order" kwenye mashine ni imeharibika. "Out of stock" ni bidhaa imeisha. "Keep out" ni usiingie. "Authorised staff only" ni wafanyakazi wenye ruhusa peke yao.

Zoezi la kwanza: depo

Soma tangazo hili, kisha ujibu kwa moja ya majibu matatu: kweli, si kweli, ao haikusemwa.

"The store will be closed for stock-taking from Thursday 12 to Saturday 14. No goods may leave the store during this period unless the form is signed by the supervisor. Drivers must return all keys by Wednesday, 4 pm. Guards are not affected."

a) Dereva anaweza kurudisha funguo Alhamisi asubuhi.
b) Siku hizo tatu hakuna bidhaa hata moja inaweza kutoka.
c) Walinzi wanaendelea na kazi kama kawaida.
d) Walinzi wataongezewa mshahara.

Majibu. a) Si kweli, mwisho ni Jumatano saa 16:00. b) Si kweli, angalia "unless": kama mkubwa wa kazi ametia sahihi, bidhaa inatoka. c) Kweli, "not affected" ni hawaguswi. d) Haikusemwa. Hili la mwisho ni gumu kwa wengi, juu tunapenda kuongeza yale tunayofikiri ao tunayotamani. Soma yaliyoandikwa tu.

Zoezi la pili: chuo

Fikiri tangazo hili liko kwenye valve ya chuo:

"Students who have not paid at least half of the fees may not sit the examinations. Receipts must be shown at the Registrar's office no later than Friday. Students with a scholarship letter are exempt from payment."

a) Mwanafunzi aliyelipa nusu ya minervali anaweza kufanya mtihani.
b) Mwenye barua ya bursi anapashwa kulipa nusu kwanza.
c) Ofisi itapokea watu hata Jumamosi asubuhi.

Majibu. a) Kweli, mradi aonyeshe risiti mbele Ijumaa haijaisha. "Sit" kwa kawaida ni kukaa, lakini "sit an examination" ni kufanya mtihani. b) Si kweli, "exempt" ni kuachiliwa, na hapa Kifaransa kinatusaidia. c) Haikusemwa. Labda itafunguliwa, labda hapana, lakini kwa risiti hiyo Jumamosi umeshachelewa.

Namna hii ya kweli, si kweli na haikusemwa inatumiwa pia kwenye mtihani wa IELTS, ambao vyuo vingi vya nje vinauomba. Ule wa aina ya General Training una maswali 40 ya kusoma kwa dakika 60, na sehemu mbili za kwanza ni za maandishi mafupi kama haya: matangazo ya maisha ya kila siku na ya kazini.

Angalia matangazo ya uongo

Kiingereza kinatumiwa pia kudanganya. Tangazo lenye alama ya shirika kubwa linapita kwenye telefoni, na mwishoni linaomba dola kidogo za "registration", "medical" ao "processing". Watu wanalipa juu Kiingereza kinaonekana kizito. Jua hili: Umoja wa Mataifa hauombi pesa hatua yoyote ya kuajiri, na matangazo yake mengi yanaandika wazi "does not charge a fee". Neno "fee" ni malipo. Ukiliona, soma sentensi nzima: inasema ulipe, ao inasema usilipe?

Namna ya kuendelea nyumbani

Tangazo moja kwa siku linatosha. Piga picha ya lile unalokuta njiani, kwenye katoni ya bidhaa ao mlangoni mwa ofisi. Zungushia duara "must", "may not", "unless", "by", "only". Jibu maswali manne. Kisha lieleze kwa Kiswahili ao Kinande kwa mtu wa nyumbani ambaye hajui Kiingereza. Akikuuliza "mpaka lini?" ao "hata mimi?" na ukose jibu, rudi kusoma.

Na kama tarehe inakaribia na mstari mmoja bado una giza, nenda uulize ofisini ao kwa mwalimu wa Kiingereza wa shule iliyo karibu. Dosie iliyochelewa hairudishwi nyuma, lakini swali halilipiwi franka hata moja.