«Kitabu Hiki Tulikwisha Kukisoma»

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo neno lile lile husikika katika kalasi za seminari: «Padri, kitabu hiki tulikwisha kukisoma.» Mwanafunzi anaona kwamba anarudishwa nyuma, na miaka yake inapotea bure. Wandugu wasomaji, tusimcheke. Lakini tuangalie kwanza namna walimu wa zamani walivyofanya.

Quintilianus, mwalimu wa Roma katika karne ya kwanza, alipenda watoto waanze kwa Homero na Virgilio. Alijua vema kwamba mtoto hawezi kufahamu uzuri wote wa washairi wale, maana wataka akili iliyokomaa. Jambo hilo halikumsumbua: vitabu vile havisomwi mara moja tu. Alimpa mtoto kitabu akijua kwamba mtu mzima atakirudia.

Wajesuiti, katika kanuni yao ya masomo ya mwaka wa 1599, waliagiza kwamba katika kalasi za chini mafundisho ya nusu ya kwanza ya mwaka yarudiwe katika nusu ya pili. Walikuwa na sababu mbili. Neno linalorudiwa hushika mizizi. Tena mwanafunzi mwepesi aliweza kupandishwa kalasi katikati ya mwaka, asiwangoje wenzake. (Sababu hiyo ya pili twaisahau upesi sana!) Naye Cicero aliwafuata wanafunzi toka kalasi za grammatika, walipojifunza barua zake nyepesi, mpaka retorika, walipopima hotuba zake. Mwandishi alikuwa yule yule, kazi haikuwa ile ile. Mwalimu anayeuliza mara ya pili maswali ya mara ya kwanza, mwanafunzi wake ana haki ya kunung'unika.

Tumtazame sasa Mtakatifu Augustino, mwana wa Tagaste katika Afrika ya Kaskazini, aliyezaliwa mwaka wa 354. Alipokuwa mtoto wa shule alimlilia Dido, malkia wa Karthago katika shairi la Virgilio. Mwaka wa 386, naye amekwisha kuwa mtu mzima, alikaa Cassiciacum pamoja na vijana wachache, na kabla ya chakula cha jioni walikuwa wakisoma nusu ya kitabu kimoja cha Virgilio yule yule.

Na Maandiko Matakatifu? Aliyafungua mara ya kwanza huko Karthago, akiwa na miaka 19. Akaona lugha yake ni duni mbele ya ile ya Cicero, akayaacha. Kiburi changu, akakiri baadaye, kilinizuia kuingia. Milano, alipokwisha kusikiliza mahubiri ya Askofu Ambrosio, alizishika barua za Paulo. Maneno yaliyoonekana zamani kupingana sasa yakapatana. Akabatizwa Pasaka ya mwaka wa 387. Hata alipokuwa askofu aliirudia barua kwa Waroma, na kwa ajili ya kumjibu Simpliciano wa Milano aliacha maelezo yake ya kwanza juu ya neema.

Karibu na mwisho wa maisha yake, mwaka wa 426 na 427, akasoma tena vitabu vyake mwenyewe, kazi 93, akiandika pale alipokosea. Alitaka kuzipitia na barua zake na mahubiri yake vilevile. Akafa mwaka wa 430, Wavandali wakiuzunguka mji wake wa Hippo, kazi hiyo haijakwisha.